Mashine ya Barafu Inataka Mwenyewe

Nasema nawe, msikilizaji, ukiwa nyumbani, ukiwa ndani ya matatu inayojikokota kutoka Nairobi, au ukiwa nyuma ya kaunta ukipanga glasi kabla wateja hawajaanza kumiminika. Huyu wa nyuma ya kaunta ndiye ninayemtaka hasa. Naomba aongeze sauti ya redio kidogo.

Jumamosi jioni Kitengela unaijua. Kandokando ya barabara ya Namanga moshi wa nyama choma unapanda, kachumbari imeshakatwa, na magari ya watu wa Nairobi yameegeshwa mpaka ukingoni mwa lami. Mteja wa hapa si wa kudanganywa. Anataka kuiona nyama ikiwa mbichi. Anauliza mbuzi amechinjwa lini. Anachagua mbavu au mguu, anasimama karibu na mizani, na ikishaiva anataka ikatwe mbele yake. Kisha anaagiza kinywaji, analetewa glasi imejaa barafu, na hapo haulizi neno. Barafu inang'aa, basi imepita mtihani.

Leo tuiulize barafu maswali tunayoyauliza nyama. Imetoka wapi? Imepita wapi? Nani ameishika? Na mashine iliyoitengeneza ilioshwa lini? Nitakupa jibu langu mapema ili usidhani nazunguka. Mashine ya barafu katika kaunti hii ya Kajiado ina maadui watatu: maji yetu, vumbi letu, na kukosa mwenyewe. Wawili wa kwanza wana dawa dukani. Wa tatu hana dawa dukani, naye ndiye anayewapa nafasi wenzake.

Tuanze na maji. Ukifungua mashine ya kawaida ya barafu ya vipande, ile ya hoteli na baa, utakuta ndani bamba la chuma lenye vijumba vidogo vya mraba. Chini yake kuna beseni la maji na pampu ndogo. Pampu inapandisha maji hadi kwenye mrija wenye matundu ulio juu ya bamba, nayo yanateremka taratibu juu ya chuma chenye baridi kali. Yanayoganda yanabaki pale. Yasiyoganda yanarudi kwenye beseni na kupandishwa tena. Barafu ikifikia unene uliopangwa, vali inafunguka, gesi yenye joto inapitishwa nyuma ya bamba, barafu inalegea na kuporomoka kwenye sanduku. Ule mshindo unaousikia kutoka jikoni kila baada ya muda ndio huo.

Sasa angalia kinachotokea kwa chumvi. Maji yanapoganda huku yakitiririka, hujishikanisha yenyewe kwa yenyewe na kuisukuma nje chumvi iliyomo. Ndiyo sababu barafu ya mashine huwa angavu, na ile ya kwenye friji ya nyumbani ina moyo mweupe: ya nyumbani imefunga hewa na chumvi ndani kwa sababu haikuwa na pa kuzitoa. Lakini chumvi iliyosukumwa nje haikupotea. Imerudi kwenye beseni, na kila maji yanapozunguka inazidi kukolea.

Nenda Magadi, huko huko ndani ya kaunti yetu, ukaone jambo hilo kwa ukubwa wake. Jua linachukua maji ya ziwa na kuacha magadi yameganda juu kwa ukoko mnene, mengi kiasi kwamba tangu mwaka 1911 kuna kampuni iliyoundwa kuyachimba na kuyauza duniani. Mashine yako ya barafu inafanya kazi ile ile, ila yenyewe inatumia baridi badala ya jua. Inachukua maji, inakuachia chumvi. Waliounda mashine wanalijua hilo, na ndiyo maana baada ya kila awamu mashine humwaga yale maji mazito yaliyobaki na kuingiza mapya.

Hapo ndipo ninapowasikia wenye hoteli wakilalamika. Maji ya boza ni ghali, wanasema, na mashine hii inayamwaga tu. Wengine hushawishika kumwita fundi apunguze kumwaga, au kuziba bomba wenyewe. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Maji unayoyaona yakienda ni taka ya mashine. Ukiyazuia, yataacha chumvi yake juu ya bamba, na utakuja kuibandua kwa pesa nyingi kuliko za boza. Ukitaka kuokoa maji, weka mtungi mahali pa kuyapokea ukapige deki nayo, au uyamwage chooni. Hilo halina ubaya wowote.

Na maji yetu yana nini hasa? Kajiado ni nchi ya chokaa na marumaru. Viwanda vya saruji vya Athi River huchimba sehemu ya chokaa yake upande huu wetu. Chokaa hiyo, kwa jina la kitaalamu kalsiamu kaboneti, ndiyo ile inayoacha utando mweupe ndani ya birika lako la chai. Ongeza kwamba tuko katika eneo la miamba ya volkano la Bonde la Ufa na pembezoni mwake, ambako maji ya visima virefu mara nyingi huwa na floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Visima vingi vya eneo hili vinapita kiwango hicho, na ushahidi tunatembea nao midomoni: meno ya kahawia ya watu waliokulia hapa. Kuchemsha hakuiondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki na kukolea.

Tena maji ya Kitengela hayana tabia moja. Leo umepata ya bomba, pengine ya Nol-Turesh yanayotoka Loitokitok chini ya Kilimanjaro. Wiki ijayo bomba limekauka, umeita boza, na dereva hakukwambia amejaza wapi. Mwezi ujao unanunua kwa jirani mwenye kisima. Mashine imeunganishwa na tanki lile lile lililo juu ya paa, nayo haijui kwamba maji yamebadilika. Vitabu vya mashine hizi kwa kawaida husema zisafishwe angalau mara mbili kwa mwaka, na mara nyingi zaidi pale maji yanapokuwa magumu. Wengi huishika ile mara mbili na kuisahau sehemu ya pili ya sentensi. Na sehemu ya pili ndiyo inayotuhusu sisi.

Basi tujue vipi ni mara ngapi? Litazame birika lako. Lisugue liwe safi kabisa, litumie kwa maji yale yale yanayokwenda kwenye mashine, kisha hesabu wiki mpaka utando mweupe uonekane. Ukionekana ndani ya mwezi, usisubiri nusu mwaka kuiosha mashine. Fanya kila mwezi, au usizidi miezi miwili. Ukichelewa kuonekana, unaweza kwenda miezi mitatu. Birika lako litakushauri vizuri kuliko kitabu kilichoandikwa kwa maji ya mji mwingine.

Mashine yenyewe nayo hulalamika kabla haijafa, ila inalalamika kwa lugha yake. Vipande vinaanza kutoka na shimo kubwa katikati. Upande mmoja wa bamba unatoa barafu, upande wa pili unatoa maji: hapo matundu ya mrija wa juu yameziba. Barafu inaganda lakini haianguki, inang'ang'ania bamba, kwa sababu ukoko wa chokaa umeifanya ishike. Kwenye mashine nyingine kuna kihisi kinachopima unene wa barafu; kikivaa chokaa kinadanganya, barafu inaangushwa ikiwa nyembamba au inaachwa mpaka inakuwa bonge moja. Na bili ya stima inapanda, maana kompresa inafanya kazi kupitia ukuta wa chokaa uliojengeka kati ya baridi na maji. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha hasara.

Hayo ni ya chumvi, msikilizaji, na chumvi kwa kawaida inaharibu mashine tu. Ninachotaka kukieleza sasa kinamharibu mteja.

Nilimtazama fundi mmoja akiifungua mashine ya baa moja hapa Kitengela. Alizima stima, akaondoa lile pazia la plastiki linaloning'inia mbele ya bamba, akapitisha kidole kwenye ukingo wake wa chini, mahali ambapo jicho halifiki ukiwa umesimama. Kidole kilitoka na ute. Ulikuwa wa rangi ya waridi, na kwenye pembe kulikuwa na madoa meusi. Akaufuta kwa tishu nyeupe, akamwonyesha meneja. Meneja akaitazama tishu, akasema, "Lakini barafu yenyewe haina rangi." Fundi akamjibu, "Rangi iko hapa, na barafu inapita hapa ikianguka."

Ute ule ni mkusanyiko wa bakteria na kuvu waliojijengea makao. Wanapenda unyevu, giza na mahali pasipoguswa, na ndani ya mashine ya barafu vyote vitatu vipo. Baridi haiwaui. Hilo nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa tunalolishika wengi: tunadhani kilichoganda kimetakasika. Baridi huwalaza vijidudu, na wengi wao huamka barafu ikiyeyuka kwenye glasi. Na usiniambie kinywaji kikali kitawamaliza. Mwaka 1985 watafiti wa Texas nchini Marekani walichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo matokeo ya jaribio la aina hiyo hasa. Waligandisha barafu yenye vijidudu vya kuhara na vya homa ya tumbo vya aina ya salmonela, wakaitia kwenye soda, kwenye wiski iliyochanganywa na maji, na kwenye tekila. Vijidudu vilivyo hai vilipatikana hata kwenye tekila. Mlevi hana kinga ya ziada kwa sababu ya kinywaji chake.

Kwingineko hili limeshagharimu maisha ya watu. Kipindupindu kilipoingia Peru mwaka 1991, wachunguzi katika mji wa Piura walipofuatilia wagonjwa walikula na kunywa nini, vinywaji vya barabarani vilivyotiwa barafu vilikuwa miongoni mwa vilivyotajwa kuwa na hatia. Nasi tusijione tuko mbali. Wimbi la kipindupindu lililoanza nchini mwetu Oktoba 2022 liliigusa Kajiado pia. Sisemi lililetwa na barafu; sijasema hivyo. Nasema mahali ambapo maji hutoka kwenye chanzo kipya kila wiki, kitu kinacholiwa bila kupikwa kinastahili kuogopwa kidogo. Na barafu inaliwa mbichi.

Adui wa pili, vumbi, nitamsema kwa ufupi. Mashine nyingi hupozwa kwa hewa. Nyuma au ubavuni kuna wavu wa mabati membamba ambapo feni inapitisha hewa ili joto litoke. Kiangazi cha Kitengela, pamoja na malori ya kokoto na saruji, huujaza huo wavu ndani ya wiki chache. Na mashine ikiwa karibu na jiko la kuchoma nyama, moshi wenye mafuta unaligandisha vumbi lisitoke. Joto likikosa njia, kompresa inachemka na siku moja inakufa, na kompresa ndiyo moyo wa bei ya mashine nzima. Dawa yake ni brashi laini na dakika chache kila mwezi, mashine ikiwa imezimwa. Piga brashi kufuata mistari ya mabati, usiikate, maana yanapinda upesi. Na usiisukumie mashine ukutani ili upate nafasi ya kreti. Iache ipumue.

Sasa, namna ya kuiosha. Nitakwenda polepole, mwenye kalamu aandike.

Kwanza, zima utengenezaji wa barafu na uondoe barafu yote iliyomo kwenye sanduku. Itupe. Usiihamishie kwenye ndoo ili uirudishe baadaye. Hiyo ni barafu ya mashine chafu.

Pili, ondoa chokaa. Kuna dawa maalumu za mashine za barafu, za asidi isiyo kali. Soma chupa: iwe imeandikwa kwamba haidhuru nikeli, kwa sababu mabamba mengi yamepakwa nikeli. Watu hutafuta njia ya mkato kwa dawa ya choo au asidi ya betri. Chokaa itatoka, ndiyo, lakini na ule mpako wa nikeli utatoka nayo, na bamba lililochubuka halitaachia barafu tena, hata ulisafishe namna gani. Tia dawa kwenye beseni kwa kipimo cha kitabu, weka swichi kwenye kuosha, na uiache pampu iizungushe bila baridi kwa muda ulioelekezwa. Utaona povu na viputo. Hiyo ni chokaa inayoyeyuka na kutoa gesi. Kisha suuza kwa maji safi zaidi ya mara moja.

Tatu, toa vinavyotolewa: pazia, mrija wenye matundu, boya la maji, na kihisi kama mashine yako inacho. Vioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki mpya. Matundu ya mrija yasafishe moja baada ya jingine. Usitumie waya wa kusugulia sufuria. Unaacha mikwaruzo, na ute hupenda kujificha kwenye mikwaruzo.

Nne, na hapa nakuomba unisikilize vizuri, ua vijidudu. Asidi imeondoa chokaa. Kuua vijidudu ni kazi nyingine, na inafanywa peke yake baada ya asidi kusuuzwa ikaisha kabisa. Usichanganye asidi na Jik hata siku moja, wala usimimine moja kabla ya nyingine haijatoka. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na ndani ya kijumba cha nyuma ya baa kisicho na dirisha gesi hiyo inaweza kukuangusha. Kama huna dawa ya kiwanda ya kuua vijidudu, Jik ya kawaida isiyo na manukato inafaa. Ikiwa chupa inasema nguvu yake ni asilimia 3.5, kijiko kimoja kikubwa cha mililita 15 kwenye lita 5 za maji kinakupa takriban miligramu 100 za klorini kwa lita, na hicho ni kiwango kinachokubalika kwa vyombo vya chakula. Izungushe ndani, pangusia kuta za sanduku, mlango na ule mpira wa mlango unaosahaulika. Usiiache ilale humo usiku kucha. Klorini inakula chuma. Dakika chache, kisha suuza.

Tano, angalia bomba la kutolea maji machafu. Mwisho wake usizame ndani ya maji ya mtaro wala usiungwe moja kwa moja na bomba la choo. Uache uwazi wa hewa hapo. Mtaro ukifurika siku ya mvua, na udongo mweusi wa Kitengela haunywi maji upesi, uchafu utapanda bomba na kuingia kwenye sanduku la barafu.

Sita, washa, kisha tupa barafu ya awamu za mwanzo. Ndiyo, itupe. Baada ya hapo uza.

Kuna swali ninaloulizwa kila mara: je, nikiweka kichujio, sina haja ya kuosha? Kichujio ni rafiki, ila si mlinzi wa kila kitu. Kile cha uzi kinazuia mchanga na matope. Kile cha makaa kinaondoa harufu na klorini, na hapo kuna jambo la kujua: klorini iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikiwazuia vijidudu, hivyo mashine yenye kichujio cha makaa inaweza kuota ute upesi zaidi. Vyote viwili havigusi chumvi iliyoyeyuka wala floridi. Mashine za kuchuja kwa kusukuma maji kwenye utando mwembamba, zile zinazotumiwa na maduka ya kujaza maji mitaani, zinaondoa chumvi na sehemu kubwa ya floridi. Hizo ni nzuri, lakini zinamwaga maji mengi, na muulize fundi kwanza: baadhi ya mashine za barafu hutambua maji kwa umeme mdogo unaopita kwenye chumvi yake, na ukizipa maji yasiyo na chumvi kabisa zitadhani beseni ni tupu. Kichujio chochote utakachoweka, kibadilishe kwa wakati. Kichujio kilichojaa ni shamba la vijidudu ambalo umelilipia mwenyewe.

Na mambo ya gesi, kompresa na nyaya mwachie fundi mwenye ujuzi. Baadhi ya mashine mpya hutumia propani ya kupoza, nayo inashika moto. Hapo si mahali pa kujifunzia kulehemu.

Tumefika kwa adui wa tatu.

Katika hoteli ya kawaida, msikilizaji, jiko la nyama lina mwenyewe. Ukiuliza nani mchomaji, utaoneshwa mtu. Fedha zina mwenyewe. Keshia anaijua kila shilingi. Lakini uliza mashine ya barafu ni ya nani. Wa kaunta atasema ni ya jikoni, kwa sababu iko kule nyuma. Wa jikoni atasema ni ya kaunta, kwa sababu wao ndio wanaoitumia. Meneja atasema ni ya fundi. Fundi atasema huitwa ikiharibika tu. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Na matokeo unayaona ukisimama dakika kumi tu karibu na sanduku. Mhudumu anakuja mbio, anachota barafu kwa glasi. Glasi ikipasuka humo ndani, nani atatofautisha kigae na barafu? Sanduku lote ni la kutupwa, na usiku wa Jumamosi nani ana moyo wa kulitupa? Mwingine anachota kwa mkono ambao sasa hivi ulikuwa unahesabu noti. Wa tatu anazika humo chupa za bia zilizotoka kwenye kreti iliyokuwa sakafuni, zipoe haraka. Koleo la barafu lipo, limezama chini ya barafu lenyewe, mpini umeshikwa na mikono yote ya zamu hiyo. Stima ikipotea saa tatu, barafu inayeyuka na kushikana; ikirudi, kijana anaivunja kwa kipande cha chuma alichokiokota nyuma ya stoo.

Kenya inamtaka kila anayeshika chakula cha kuuza apimwe afya kila miezi 6, na bwana afya akija huomba cheti hicho. Ni jambo jema. Lakini tunapima mkono na kulisahau sanduku ambalo mkono huo unaingia mara mia kwa usiku mmoja. Nawaomba maafisa wa afya wa kaunti wanaonisikiliza: mkishaangalia vyeti, ombeni tochi na tishu nyeupe. Panguseni nyuma ya pazia la mashine. Haitachukua dakika mbili.

Mwenye hoteli ataniambia: sina mtu wa kuongeza, mishahara imenishinda. Simwombi aajiri mtu. Namwomba achague mmoja kati ya waliopo, ampe saa mbili za asubuhi ya Jumatatu, siku ambayo biashara imelala, na asimkate saa hizo. Mara nyingi kazi hii inaachiwa yule wa zamu ya usiku baada ya kufunga, saa nane, miguu imevimba, na matatu ya mwisho imeshaondoka. Mtu aliyechoka hivyo atasuuza mara moja badala ya mara tatu, na mchanganyiko wa asidi na Jik utamkuta peke yake. Usafi wa mashine unaanzia kwenye ratiba ya kazi.

Kisha nunua daftari la bei ndogo, ulitundike kwa uzi ubavuni mwa mashine. Safu nne: tarehe, kilichofanywa, maji yalitoka wapi wiki hiyo, na jina. Baada ya miezi michache daftari hilo litakwambia mambo ambayo fundi hawezi kukwambia. Utaona kwamba kila unaponunua kutoka kwa boza fulani, vipande vinaanza kutoka na shimo wiki mbili baadaye. Utaona kichujio kilichodaiwa kubadilishwa hakikubadilishwa. Na siku mashine ikizimika, fundi atakuwa na pa kuanzia, asianze kwa kubahatisha na kompresa yako.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,100,000 katika kaunti hii, na kila ukipita barabara ya Namanga unaona hoteli mpya imefungua milango. Mashine za barafu zitaongezeka. Maji hayataongezeka kwa kasi hiyo, wala hayatapungua chumvi kwa kuombewa. Kwa hiyo anza na ile safu ya nne ya daftari, ya jina. Iwe jina la mtu mmoja tu, aliyekubali, anayejua analipwa kwa saa zile mbili. Na kama umepitisha macho kwa wafanyakazi wako wote ukaona hakuna wa kuandikwa hapo, basi andika lako wewe mwenye mali.